Kichuguu cha Kupandia

Ile pikipiki ilinifika kifuani. Nilijipima nayo uani, nikavaa viatu vyenye soli nene, nikajipima mara ya pili, tofauti haikuwepo. Nikikaa juu yake, kilichogusa ardhi ni ncha ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, tena mpaka niilaze upande, na ikishaanza kulala haikutaka kuamka.

Mume wangu alikuwa ameshakata nusu ya sponji ya kiti.

"Springi sitazikata," alisema. "Haiko yetu."

Ililetwa kwetu ikiwa vipande ndani ya gunia la unga, na mzee anayesimamia wale wanaoshindana pikipiki kila kiangazi katika msitu wa kule nyuma ya Kasapa. Mafundi wengine walishashindwa nayo. Mume wangu, ambaye karakana yake ni mabati machache yaliyoegemea ukuta wa jirani, akaifunga injini upya. Mzee akaisikiliza ikinguruma, akasema: kunguruma siyo kukimbia. Iingie mashindanoni, izunguke msitu, irudi kwa injini yake yenyewe. Ikirudi hivyo, pikipiki zao zote zitatengenezwa na mume wangu, ndani ya banda lao, lenye mlango na kufuli. Ikirudi kwa kusukumwa au kubebwa, wataita fundi mwingine, mwenye diploma.

Nani aiendeshe? Goti la mume wangu halikunjiki tangu lori limsukumie mtaroni. Wale wa mashindano kila mmoja alikuwa na pikipiki yake. Nikabaki mimi, ninayeleta vipuri kutoka Kasumbalesa kwa pikipiki yangu ndogo, nikikwepa foleni ya malori kwa njia za watu wa makala, wachoma mkaa. Msitu naujua. Lakini yangu ni fupi kama mbuzi, na gia zake zote unakanyaga kwenda mbele. Ile nyingine, gia ya kwanza iko chini na zinazofuata unaziinua kwa kidole. Yaani ukikanyaga ili ikimbie, inashuka gia na kukushika shati.

Na kulikuwa na sheria moja zaidi: ukianguka, mtu yeyote asikuguse wala asiiguse pikipiki yako. Akigusa, umetoka.

Sasa fikiria. Kiki ya kuwashia iko upande wa kulia. Ili niipige, mguu wa kushoto lazima usimame juu ya kitu. Barabarani unasimama ukingoni. Msituni?

"Vichuguu," mume wangu alisema.

Jumapili moja, wiki tatu kabla ya mashindano, tulitembea njia nzima kwa miguu, yeye na fimbo yake, mimi na hesabu zangu. Kila penye kona mbaya nilitafuta kichuguu cha karibu ambacho ningeweza kukiegemezea pikipiki na kupanda. Nilivihesabu tukienda, nikavihesabu tukirudi, na hesabu zikakubaliana. Kilichonituliza zaidi kilikuwa bondeni, pale njia inapokata tope kabla ya kupanda tena. Kichuguu kikubwa kama nyumba, chini kina ngazi kama kimechongwa kwa ajili yangu.

Pembeni yake majembe mawili yalikuwa yameegemea mti. Mimi, ninayeuliza bei hata ya kitu nisichotaka kununua, sikuuliza.

Siku yenyewe sikula. Nilikagua nati za magurudumu, nikazikagua tena, mume wangu akaniondolea spana mkononi. Pale pa kuanzia nilikuwa mwisho wa mstari, kwa sababu ndiko kulikokuwa na gogo la kusimamia. Jirani yangu, kijana mwenye mavazi ya rangi zote, alinitazama kutoka juu mpaka kwenye gogo.

"Mama, ile gogo unaenda nayo?"

"Ningekuwa na kamba ningeifunga nyuma."

"Doucement, mama, polepole. Ile nyama haina kamba," akaionyesha pikipiki yangu kama mnyama asiyefungwa.

Mume wangu hakucheka. Aliniinamia sikioni, akasema kitu kimoja tu: "Ikizimika, usiogope. Funga mafuta, piga kiki mara chache yaliyofurika yatoke, fungua, piga tena." Kisha akaondoka kwa fimbo yake kwenda kusimama pale pa kumalizia, na nikaona jasho limemchora mgongoni, na jua lilikuwa bado dogo.

Bendera ikashuka. Wenzangu waliruka, mimi nikasubiri vumbi lao lipungue. Nilitaka kurudi, sikutaka kuwahi. Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imejitokeza, matawi yananipiga kofia. Kila nilipopita kichuguu changu nilikisalimia kimoyomoyo na kukitoa kwenye hesabu. Kimoja nilikitumia kweli: kona ilinishinda, nikaiegemeza pikipiki, injini ikiwa bado inanguruma, nikapumua, nikaondoka. Nikaanza kuamini kwamba hesabu inaweza kumfikisha mtu.

Kisha mteremko wa bondeni. Niliona tope, nikaona kwamba nahitaji nguvu ya kulivuka, na mguu wangu, mguu wa miaka yote ya Kasumbalesa, ukafanya kazi yake uliyoizoea. Ukakanyaga.

Injini ikapiga kelele, gurudumu la nyuma likashikwa, nikaenda upande na pikipiki juu ya paja langu. Halafu kimya. Nilijivuta kutoka chini yake, nikageuka kukitafuta kichuguu changu.

Hakikuwepo. Palikuwa na shimo, kuta zake zimesimama wima. Udongo wake wote ulikuwa umelala mbele yangu katika mistari mirefu: matofali. Mengine mabichi, mengine yameshakauka na kupangwa kusubiri kuchomwa.

"Usikanyage! Ingali mubichi!" Mzee mmoja, tope mpaka viwikoni, alikuja mbio. "Mama, umeumia?" Akanyoosha mikono kuishika pikipiki.

"Usiguse!"

Akarudi nyuma. "Unaanguka ku kazi yangu, sasa unanigombeza?"

Nikamweleza upesi sheria inasemaje, na karakana yetu iko wapi. Alinisikiliza kwa utulivu ulionitia wazimu, kwa maana nyuma yetu, mbali, nilishasikia gari. Lile gari lilikuwa linafuata nyuma ya wote na kuokota walioshindwa. Likikukuta injini imezimika, unapandishwa.

"Papa, nipe yale makavu nisimame juu. Kidogo tu."

"Na ikivunjika?"

"Nitalipa."

"Na nini? Uko na mufuko?"

Sikuwa na mfuko. Nikatazama kando, nikaona baiskeli yake, na mnyororo wake umeunganishwa kwa waya.

"Nitakupa cheni ya kinga yako," nikasema, nikiionyesha baiskeli.

"Mupya?"

"Yenye imetumika, lakini haina waya."

"Mupya."

"Papa, watu wananipita!"

"Banakupita weye. Miye niko nakaa hapa."

Gari lilikuwa limeshaanza kuteremka, nilisikia likibadilisha gia. Mzee hakuligeukia hata mara moja. Nimefanya biashara na watu wa mpakani, nimefanya na watu wa forodha, na hakuna aliyewahi kunishika pabaya namna ile.

"Mupya," nikasema.

"Na kiungio yake?"

"Na kiungio! Nikanyage?"

"Kanyaga polepole."

Sijawahi kununua kwa bei kali hivyo kitu ambacho siondoki nacho. Niliinua pikipiki, sijui kwa nguvu za nani, nikaikokota mpaka kwenye matofali, nikapanda. Kiki. Kimya. Kiki. Harufu ya petroli ilinijaa puani. Kichwani nilimwona mume wangu akisimama na fimbo yake, akingoja sauti ambayo haiji. Ndipo nikakumbuka. Nikafunga mafuta. Nikapiga kiki bure, tena, tena, huku gari limeshatokea kati ya miti na mtu dirishani ananipungia mkono kwamba imetosha, mama, imetosha. Nikafungua. Nikapiga.

Ikakohoa. Ikashika.

Tofali lilikatika chini ya mguu wangu wakati uleule, lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Kutoka hapo sikubadilisha gia tena. Nilikaa katika ileile, niligombana nayo kwenye vilima na kuinyenyekea kwenye kona, mguu wa kushoto nimeuweka mbali na pedali kama mtoto aliyekatazwa sukari. Wa mwisho kabisa. Nilipotokea uwanjani, watu walikuwa wameshaanza kukunja viti. Mume wangu alikuwa amenipa mgongo. Hakuwa anatazama njia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Aliendelea kunipa mgongo mpaka nilipovuka mstari na kuizima mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaanguka nayo pale pale kwa sababu hapakuwa na gogo.

Mzee wa mashindano alikuja, akaigusa injini kwa kidole, akakirudisha haraka.

"Iko moto," alisema.

"Iko natembea," mume wangu alijibu.

Mzee akatoa funguo za banda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa peke yangu kwenye karakana ya mabati, ninapouzia vipuri; mume wangu alishahamia bandani. Pale yalipokaa masanduku ya vyombo vya mume wangu palibaki alama tupu sakafuni. Fundi wa matofali akafika, anasukuma baiskeli. Mfukoni alikuwa na vipande viwili vya tofali.

"Mbili," alisema, akaviweka mezani.

Nikaviunganisha. Vilikaa sawasawa. "Papa, hii ni moja."

"Haya, moja," alikubali, bila aibu.

Nikamletea cheni mpya. Akaikunjua mezani, akavihesabu viungo vyake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaigeuza, akaanza tena.