Koki Namba Tisa na Mama Tiki

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Hapana, nimekosea. Kumi na moja ndio mwaka niliong'olewa jino la nyuma, na siku ile ya koki nilikuwa nimeshazoea kutafunia upande mmoja. Basi ni kumi na mbili. Tuseme kumi na mbili.

Nilikuwa fundi bomba wa hospitali, miaka hamsini na minne, goti la kulia bovu, elimu darasa la nne. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ila sitaki kujieleza mimi. Nataka kumweleza karani wetu wa karakana, maana watu wa namna yake hawaandikwi popote.

Tulimwita Mama Tiki. Alikaa nyuma ya kidirisha kidogo, miwani imefungwa uzi mweusi pale ilipovunjika, viatu vya njiani chini ya meza, ndala miguuni. Zamani alikuwa anahesabu bendeji katika stoo ya wodini. Kompyuta alijifunza akiwa na miaka arobaini, siku za Jumamosi, peke yake, akibonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto.

Sasa, ile kompyuta ilikuwa na tabia yake. Kila Jumatatu asubuhi ilitunga kazi yenyewe. Ilikuwa imewekewa orodha ya kila pampu, kila tangi na kila koki, na siku ya kitu ikifika inatoa karatasi: kagua hiki, paka grisi kile, na jina la fundi chini yake. Mwanzoni nilidhani kuna bosi mahali fulani asiyelala, nikamwonea huruma. Mama Tiki alicheka.

"Hakuna mtu, mzee wangu. Ni kama jogoo. Nani humwambia awike?"

Ukimaliza kazi unatia sahihi, unarudisha karatasi kidirishani, naye anaitia tiki kwenye kompyuta. Isipotiwa tiki, mwisho wa mwezi inageuka nyekundu. Na kazi moja ikiwa nyekundu miezi mitatu mfululizo, fundi wake haongezewi mkataba. Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni, na hata sisi wa darasa la nne tulilisoma vizuri sana.

Miongoni mwa karatasi zangu ilikuja moja: kagua koki namba tisa, ghorofa ya chini, nyuma. Hospitali ile ilikuwa na koki kubwa kumi na mbili za kufungia maji. Kumi na moja nilizijua kama vidole vyangu. Ya tisa sikuwahi kuiona.

Nikamwendea msimamizi, ambaye ndiye aliyekuwa fundi bomba kabla yangu. Tulimwita Mkubwa, na mwenyewe alilipenda jina.

"Mkubwa, koki namba tisa iko wapi?"

"Si imeandikwa? Iko nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Fundi, wewe tia sahihi tu. Mimi niliitilia sahihi miaka minne, kabla ya huyu karani, haikuwahi kulalamika."

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akasema, "Tia sahihi, baba. Nani ataajiri fundi wa goti moja?" Nikatia. Nikaichomeka katikati ya karatasi nyingine, kama mtoto anayeficha kikombe kilichovunjika, nikapeleka kidirishani.

Mama Tiki alizipitia moja moja. Kwenye ile akasimama.

"Hii umeiona?"

"Ipo."

"Sikuuliza kama ipo. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Mkono wake rangi gani?"

Nikajibu haraka, "Mwekundu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mzee wangu, koki zote za jengo hili mikono yake ni ya buluu." Akanirudishia karatasi taratibu, kama anamrudishia mtu kofia iliyoanguka. "Chukua. Hujanipa, sijaiona."

Mwezi huo ikawa nyekundu. Wa pili ikawa nyekundu. Nilimsihi, nikamwambia kubonyeza mara moja tu kutaninusuru. Akasema, "Nikitia tiki moja ya uongo, zile nyingine zote nitaziamini vipi?" Nilikasirika, wallahi. Siku nne nilipita kidirishani bila salamu. Yeye alinisalimia kila asubuhi vilevile, na kuniulizia goti.

Mwezi wa tatu, zimebaki siku sita, saa ya chakula nikamwona anakuja karakana na ndala zake, mkononi kipande cha mkate na chini ya kwapa ramani ya jengo. Alikuwa ameifukua kwenye kabati la masijala, panya wamekula pembe mbili.

"Panya wamekushinda akili," akasema. "Wao walau wameifikia ramani. Beba tochi."

Tulitafuta siku tatu, kila saa ya chakula. Siku ya tatu ramani ilitufikisha chumba cha kufulia, kwenye rafu ya mashuka. Wanawake wa kufulia walitupokea.

"Jamani, Mama Tiki kapata mchumba!"

"Mchumba gani anatembea na spana?"

"Afadhali spana. Wangu anatembea mikono mitupu."

Walicheka, lakini wakatusaidia kusukuma rafu. Ukuta ulikuwa mweupe mtupu. Mama Tiki akaugonga kwa kisigino cha ndala, kushoto, katikati, kulia. Kulia ukalia kama ngoma. Ilikuwa mbao, imepakwa rangi moja na ukuta. Nikaibandua, nikamulika.

Koki ilikuwa imekaa mle ndani na vumbi la miaka yake. Na mkono wake, amini usiamini, ulikuwa mwekundu.

Mama Tiki alicheka mpaka akaketi juu ya mashuka safi. "Uongo wako una bahati kuliko ukweli wangu!"

Nilipaka mafuta, nikangoja, nikazungusha. Ilikataa, ikakataa, halafu ikakubali. Muuguzi akapiga kelele toka juu kwamba maji ya wodi ya watoto yamekatika. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile. Nikafungulia. Nikatia sahihi nimepiga magoti, karatasi juu ya paja, na Mama Tiki akaenda kuitia tiki kabla hata hajamaliza mkate wake.

Mkubwa alikuja kutazama, mikono mfukoni. "Si nilikwambia iko nyuma?"

Mkataba uliongezwa. Nilifanya kazi pale miaka tisa zaidi, mpaka goti lenyewe liliponiandikia barua ya kustaafu. Mtoto wangu wa mwisho alimaliza shule kwa miaka hiyo. Nikimshukuru Mama Tiki hukasirika, husema yeye alikuwa anatafuta koki tu.

Lakini kuna mmoja sijamshukuru. Kompyuta inatunga kazi yenyewe, sawa, ila haina miguu ya kushuka chini na tochi. Kabla ile mbao haijawekwa, yuko mtu aliyeiona koki, akaihesabu, akaiingiza kwenye orodha ili isisahauliwe. Nilimuuliza Mkubwa, nikauliza masijala, nikamuuliza hata kijana aliyekuja kutengeneza kompyuta. Mama Tiki naye aliinua mabega.

Basi ni nani aliyeiandika?