Vyura wa Miguu Mitatu nyuma ya Nyumba ya Mama

Waasi walipofika kijijini kwetu Masisi, tulishuka Goma na ng'ombe waliobaki. Mama mmoja mjane wa mtaa wa Keshero, tuliyesali naye kanisa moja, alitupa nafasi nyuma ya nyumba yake. Hapo alikuwa na kidimbwi cha kumwagilia lenga-lenga, mboga alizouza sokoni.

Ng'ombe walikunywa humo. Jua likiwa kali walisimama humo, na mavi yao yakabaki humo. Hatukuona ubaya. Kule milimani tulipaka sakafu mavi ya ng'ombe, na papa, baba yangu, alisema hakuna kitu safi kama kinachotoka kwa ng'ombe. Maji yakawa ya kijani, konokono wakajaa kwenye mawe.

Kisha volkano ikatoka. Tulikimbia, tukarudi, nyumba ya yule mama ilikuwa imepona. Ndipo watoto wakaanza kushika vyura wa ajabu. Mmoja alikuwa na mguu wa tatu nyuma, mwingine mguu wake ulipinda ukashikana na tumbo.

"Ni majivu ya volkano," papa alisema, na mimi nikafurahi kuamini hivyo.

Majirani hawakuamini. Kwenye robine, bomba la maji la mtaa, walimuuliza mama, "Unafuga nini mule ndani?" Wakaanza kumuita muchawi. Alienda sokoni na lenga-lenga, akarudi nazo kichwani, zimelegea. Jioni alitupikia zile zile na ugali wa foufou, tukala.

Siku moja daktari wa mifugo alikuja kuchoma ng'ombe sindano. Aliona chura, akainua jiwe lenye konokono.

"Muzee, volkano haina kosa hapa," alimwambia papa. "Kuna minyoo midogo sana inaishi ndani ya konokono. Inatoka, inaogelea, inaingia kwa kiluwiluwi pale mguu unapoanza kuota. Mguu unaharibika, ama unatoka mwingine. Chura kama huyo hawezi kukimbia, ndege anamula, minyoo inazaa ndani ya ndege, na mayai yanarudi majini na mavi ya ndege."

"Sasa ngombe wangu wameingia wapi?"

"Mavi yao yanaotesha ule ujani. Konokono wanakula ujani, wanazaana. Konokono wengi, minyoo mingi."

"Mavi ya ngombe, docteur? Mimi nimelelewa juu yake."

"Muzee, wewe si kiluwiluwi."

Nilitaka kucheka. Nikamuona mama amesimama mlangoni na sufuria. Alikuwa amesikia yote. Nikaangalia miguu yangu.

Papa alivua kofia. "Mama, tutaondoka kesho."

"Mutaenda wapi? Harufu niliisikia tangu zamani, nikanyamaza kwa sababu hamuna pengine," mama alijibu. "Lakini hao wa robine mutawaambia ninyi. Mimi nimechoka kuitwa muchawi."

Papa hakungoja. Alienda robine na fimbo yake ya kuchungia, mimi nyuma na bidon ya maji, na mama akatufuata. Akaeleza yote, minyoo, konokono na mavi ya ng'ombe wetu, kwa Kiswahili chake cha milimani. Wamama walisikiliza. Mwishoni mmoja akasema, "Kumbe muchawi ana pembe."

Wakacheka wote, na mama alicheka kuliko wao. Yule aliyesema akamuomba fungu la lenga-lenga.

Toka siku hiyo ng'ombe wanafungwa mbali na kidimbwi, na maji yao tunayabeba kutoka robine. Siku ile nilijaza bidon ya kwanza, nikapita katikati ya wale wamama bila kuinua macho.