Nyundo Nne Mpya

Mtaani kwa Minza, pembezoni mwa mji wa Bariadi, hakuna aliyehitaji kuuliza kama mashine ya kusaga imefunguliwa. Ikiwashwa tu inapiga ngo-ngo-ngo, kama mgeni mwenye hasira anayegonga mlango. Mabati yanatetemeka, vumbi la unga linadondoka kutoka kwenye kenchi, na kuku wa jirani wanahamia ua wa tatu.

"Mama Kwandu, leo unasaga mahindi au unasaga kokoto?" Mhoja aliuliza akishusha ndoo yake. Mhoja aliuza dagaa wa Lamadi kwenye kibanda cha mbele, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Lete tu, nitakusagia na hiyo mizani yako," Minza alijibu, wakacheka.

Lakini hilo jina, Mama Kwandu, liliingia kama mwiba. Kutwa nzima watu walimwita hivyo, mmoja baada ya mwingine, na Kwandu mwenyewe hakuwepo.

Kwandu alikuwa Kimali, kwa bibi yake, mwezi wa tano sasa. Mashine ilikaa chumba cha mbele, wao wakalala cha nyuma, ukuta mmoja kati yao. Siku ya kwanza mashine ilipowashwa mtoto alipiga yowe, akaziba masikio, akagoma kula. Wiki ya pili akawa anashtuka hata kwenye kimya. Nesi wa kliniki aliwaambia kelele ile haifai kwa masikio ya mtoto wa miaka mitatu. Jilala, mume wa Minza, akasema, "Mpeleke kwa mama yako wiki mbili, tuitengeneze mashine." Minza akampeleka. Alimwacha amelala, akatembea haraka hadi stendi bila kugeuka nyuma, kwa kuwa angegeuka asingeondoka.

Wiki mbili hizo hazikwisha.

Mashine ilikuwa ya mtumba, Jilala aliinunua kwa mtu wa Maswa. Aliyeiuza aliapa kwamba haina kelele. Basi kila ilipogonga Jilala alimsonya yule mtu kana kwamba amesimama pale mlangoni. Fundi Mayige alibadilisha beringi, kelele ikabaki. Akabadilisha mkanda, ikabaki. Akakaza nati zote na kuweka vipande vya tairi chini ya miguu ya mashine. Mabati yakatulia kidogo, kugonga kukaendelea.

Jumapili ile baada ya ibada Minza alipiga simu Kimali, kama kila Jumapili. Mama yake, Apolonia, akamwekea mtoto simu sikioni.

"Kwandu, mwanangu. Umekula nini?"

Ile sauti ndogo ikasema, mbali kidogo na simu, "Bibi, huyu ni nani?"

"Ni mama yako, msalimie!"

"Mama gani?"

Minza alisema mtandao unasumbua, akakata. Akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumatatu Mayige alikuja na uso wa mtu aliyechoka kushindwa. Akautoa mkanda, akawasha mota peke yake. Mota ikaimba vizuri, haina neno. "Unaona? Ugonjwa uko kwenye kinu chenyewe." Akafungua mfuniko, akachungulia. "Hii shafti imepinda, dada yangu. Inabidi iende Mwanza ikachongwe."

"Itachukua siku ngapi?"

"Huko kuna foleni. Mwezi, miezi miwili."

Miezi miwili. Mtoto aliyeuliza mama gani, baada ya miezi miwili ataulizaje?

"Kesho nakuja na bajaji kuibeba," Mayige alisema, akaondoka na spana zake.

Minza alibaki na mashine iliyo wazi. Hakuwa fundi, shule aliishia la saba, lakini hakuweza kuona kitu kichafu akakiacha. Alichukua brashi akaanza kusugua unga mkavu ndani. Zile nyundo, vipande vya chuma vinavyopiga mahindi, zilining'inia kwenye fimbo nne, kila fimbo nyundo nne. Ili azifikie zote ilibidi auzungushe mhimili, ile shafti, kwa mkono. Aliuzungusha, akasugua safu iliyokuja juu. Alipouachia, mhimili ukarudi wenyewe taratibu, ukasimama.

Akauzungusha tena. Ukarudi tena, na ile safu iliyokuwa chini mwanzoni ikashuka tena chini.

Mara ya tatu hakusugua. Aliuzungusha, akatazama tu. Safu ileile, chini kabisa, kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Akainama na tochi ya simu. Nyundo za safu ile zilikuwa mpya, zenye pembe kali. Za safu nyingine zote zimelika, zimeviringika kama sabuni iliyokwisha. Minza akakumbuka jinsi anavyofunga madumu ya maji kwenye baiskeli: dumu la kulia likiwa limejaa na la kushoto nusu, baiskeli inakuyumbisha, utamlaumu aliyeiunda bure.

Akazichomoa safu mbili zinazotazamana, akazibeba kwenye kanga hadi kwa Mhoja.

"Niazime mizani."

"Jamani! Umeanza kuuza vyuma?" Mhoja akasogeza dagaa. Nyundo mpya nne kwenye sahani moja, kuukuu nne kwenye nyingine. Sahani ya nyundo mpya ikaanguka puu. "Hee! Hizi zimekula, hizi zimelala na njaa."

Jilala aliporudi jioni kutoka kibaruani, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alikuta nyundo zimepangwa juu ya gunia.

"Baba Kwandu, hizi mpya nani aliziweka?"

"Mimi. Yule mtu wa Maswa alinipa nne za nyongeza. Nikazifunga kabla hatujawasha." Alijisikia vizuri kidogo. "Nikaziweka pamoja, safu moja. Niliona mpya zikichanganyika na kuukuu zitaharibika."

Minza akazirudisha zile safu mbili. Akauzungusha mhimili mbele yake, akauachia. Safu ya nyundo mpya ikashuka chini, ikasimama. Jilala akajaribu mwenyewe. Mara mbili. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemwondoa mtoto."

"Usiseme hivyo."

"Na yule mzee wa watu nimemtukana miezi mitano."

"Huyo utamwomba radhi. Nishikie tochi."

Wakapanga upya: nyundo mpya mbili safu hii, mbili safu inayotazamana nayo, kila moja ikitazamana na mwenzake. Safu nyingine walizipima pia kwa mizani ya Mhoja, wakibadilishana nyundo hadi sahani zikatulia sawa.

Asubuhi na mapema Mayige alifika na bajaji, akakuta mashine imefungwa mfuniko. Akawasha akiwa na wasiwasi. Mashine ilivuma, mvumo mmoja mrefu, ikaendelea kuvuma. Mayige akaweka kiganja juu yake, akakiacha pale.

"Nani amefanya hivi?"

Kabla hajajibiwa Mhoja akachungulia. "Umeme umekatika? Mbona sisikii kugongwa?"

"Tuko kazini, mayu," Jilala akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Lete mahindi."

Minza hakungoja kuona debe la kwanza. Alikwisha kufunga kanga na kuwahi basi la Meatu, linalopita Kimali.

Alifika Kimali jua likiwa bado halijakaza. Kwandu alikuwa uani, amerefuka, ana kovu dogo kwenye goti ambalo Minza hakulijua. Mtoto alimwona, akasimama, kisha akapiga magoti yote mawili kama alivyofundishwa kuwasalimia wageni.

"Mwangaluka."

Minza alikuwa amefungua mikono. Akaishusha.

"Mwangaluka, mwanangu."

Apolonia akatoka jikoni. "Wewe Kwandu! Huyo si mgeni, ni mama yako!" Mtoto akakimbilia nyuma ya sketi ya bibi.

"Mwache, mama," Minza alisema. Alikuwa amepanga kurudi na basi la mchana, mtoto mapajani. Akapiga simu Bariadi. "Baba Kwandu, sirudi leo. Hata kesho sijui. Funga mashine ukienda kazini." Upande wa pili Jilala akasema sawa.

Akaketi kwenye mkeka, akavuta ungo wa karanga za mama yake, akaanza kubangua. Hakumwita mtoto. Baada ya muda mrefu Kwandu akaja, akakaa upande mwingine wa mkeka, mbali.

"Unaondoka lini?"

"Siku utakayotaka tuondoke wote."

Mtoto akafikiri. Minza akabangua, akaweka karanga tatu kwenye mkeka, katikati yao, akaendelea na kazi bila kutazama. Alisikia mkeka ukichakacha. Alipotupia jicho, karanga zilikuwa mbili. Akaongeza nyingine, safari hii karibu kidogo na goti lake mwenyewe.