Fungua Koki Kabla ya Kusifu Pipa

Naikumbuka siku niliyopeleka pombe ya posa kule Bahati, mwanangu, na aibu yake bado iko mashavuni.

Mimi huyu, ambaye sikumaliza darasa la saba na bado wenye digrii hunipigia simu niwachomelee mapipa ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, siku hiyo nilikuwa kijana wa Kaptembwo mwenye kiburi kuliko mfuko. Pipa nililitengeneza mwenyewe. Liling'aa mpaka ungenyolea ndevu hapo. Ndani nikatia muratina, pombe ya asali ambayo wazee wa kwa msichana huonja kabla ya neno lolote la ndoa. Ikikataliwa pombe, umekataliwa wewe.

Desturi ni kwamba aliyeleta anakunywa kwanza, watu waone hakuna sumu. Nikafunua kifuniko, nikachota juu, nikagugumia yote. Kisha nikafungua koki ya chini nimjazie Mzee Njuguna, baba ya msichana.

Hakunyoosha mkono. Huyo mzee alikuwa anashuku hata mvua.

"Kijana, mbona wewe umekunywa ya juu na mimi unanipa ya chini?"

"Ni pombe moja, mzee."

"Haya. Kunywa basi hiyo ya chini."

Nikaonja, na uso ukanisaliti. Ilikuwa chachu kama siki. Mzee akaagiza pombe ihamishiwe kwa ndoo, kisha akaitisha spana.

"Woi!" shangazi ya msichana akapiga kelele. "Huyu amekuja kuoa ama kuuza tenki?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alipoing'oa koki, ndani kulikuwa na utelezi wa kijivu kama makamasi. Pipa nilikuwa nalisugua kila mara, lakini koki sikuwahi kuifungua.

"Nyumba njema si mlango," akasema polepole. "Kama kwa chuma umeficha hii, kwa binti yangu utaficha nini? Rudi siku nitafungua nikose la kusema."

Nilirudi, mwanangu, lakini kwanza nilijifunza. Fungua kila kinachofunguka. Osha kwa maji moto, sabuni na kitambaa laini. Waya wa kusugulia sufuria weka mbali, huacha punje za chuma na hizo ndizo hushika kutu. Dawa ya kung'arisha nguo nayo hutoboa stenlesi vishimo vidogo, na kila kishimo ni nyumba ya uchafu. Suuza, pangusa kwa maji ya limau, suuza tena, acha wazi likauke. Halafu limwagie maji: yakisimama matone matone, bado kuna mafuta, usidanganywe na mng'ao.

Siku niliyorudi na pipa, Mzee akafungua koki, akatia kidole, akanusa. Akatia tena. Mwishowe akanywa ya chini, akaitisha kikombe cha pili. Msichana yule ndiye mama wa nyumba hii.

Kwa hivyo sikia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilijisifu kabla sijasifiwa. Pombe ikiharibika usikimbilie kusema jirani amekuroga. Kikulacho ki nguoni mwako. Shuku kwanza kile ulichoosha mwenyewe, hasa pale mkono wako usipofika.

Mungu akupe kazi ya mikono na wakwe wagumu kama wangu, na siku watakapokufungua, wakukute msafi mpaka ndani.