Laini Moja, Matundu Manne

Jirani yangu hapa Ilomba anasimamia mitambo ya kompyuta katika ofisi moja kubwa ya mjini. Kila Jumapili baada ya ibada huniletea habari za mashine mpya kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za posa. Majuzi alinieleza kwamba siku hizi kompyuta moja hugawanywa kwa ujanja ikawa kama kumi, na kila idara ikaamini inayo ya kwake. Akanitazama kuona kama nimeshangaa.

Nilimuuliza jambo moja tu. "Na wote wakiitaka kwa mpigo?"

Akakuna shingo. Akasema hapo ndipo penye kazi.

Kazi hiyo mimi niliifanya miaka ya sabini, bila kompyuta, nikiwa nimevaa masweta mawili.

Shirika letu lilishughulika na mazao na mifugo. Sisi tulikuwa tawi la Mbeya, na makao ya kanda yalikuwa Iringa. Kati yetu na Iringa kulikuwa na laini moja ya simu. Niliihesabu siku niliyokabidhiwa swichibodi, nikaihesabu tena baada ya chai, ikabaki moja. Swichibodi yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye taa na nyaya. Mkubwa akiinua simu mezani kwake, taa yake inawaka kwangu, nami namuunganisha na Iringa. Kwenye sanduku hilo, upande wa Iringa kulikuwa na matundu manne, lakini lenye uhai lilikuwa moja. Matatu yalikuwa matundu tu, kama ya panya.

Wakubwa nao walikuwa wanne: meneja, mkuu wa tumbaku, mkuu wa mifugo na mkuu wa stoo. Meneja ndiye aliyeanza kusema anataka laini yake mwenyewe. Nikakata kipande cha karatasi ngumu, nikaandika LAINI YA MENEJA kwa wino mwekundu, nikakibandika juu ya tundu la kwanza. Akaja kukitazama, mikono nyuma, akaridhika.

Mkuu wa tumbaku akasikia. "Ndugu, mzigo wangu wote uko Chunya unakula vumbi, halafu mimi ndiye sina laini?"

"Laini inapatikana, mzee. Ila hapa ninapokaa upepo unapita chini ya mlango, na mikono ikiganda nakosea tundu."

Kesho yake fundi seremala alikuja kupigilia ubao mlangoni. Mkuu wa mifugo alitoa kiti chenye mgongo. Mkuu wa stoo alianza na birika lisilo na kifuniko, nikamwambia laini isiyo na kifuniko ipo pia, ila kila mtu atamsikia. Siku ya pili kifuniko kilipatikana.

Msinihukumu haraka. Kila mmoja alizungumza na Iringa kila alipotaka, na sababu yake ni hii. Huku kwetu mtu haanzi na shida, anaanza na salamu, na salamu ina vyumba vingi: nyumbani, watoto, mvua, shamba, wagonjwa, kisha mnarudi tena nyumbani; nazo nilizipokea mimi kabla ya kumpa mtu Iringa. Na ukishauliza Iringa idadi ya magunia, lazima mtu ainuke akatafute faili kabatini, na kabati la Iringa lilikuwa na funguo mbili zilizokaa kwa watu wawili. Muda wote huo laini imelala. Mimi nilikuwa naiamsha na kumpa mwingine.

Mwenzangu upande wa pili alikuwa dada wa Kihehe aliyekuwa na swichibodi ya Iringa. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa sauti na kwa ukavu wake.

"Kaka wa Mbeya, wa tumbaku kaenda kutafutiwa faili. Nipe mwingine."

"Wa stoo huyu hapa, yuko kwenye salamu za watoto."

"Ana watoto tisa. Nitakuwa nimemaliza na meneja."

Ndipo ukaja waraka. Ulieleza mtambo mpya wa simu unaojiunganisha wenyewe, usiohitaji mtu kukaa mbele yake, na ulikuwa na picha: kabati la chuma, safi, bila kiti. Picha ile ilinitia baridi kuliko upepo wa chini ya mlango. Chini ya waraka paliandikwa kwamba waangalizi wa swichibodi watapangiwa kazi nyingine. Yangu ilikuwa imeshatajiwa mahali: ghala la tumbaku Makongolosi. Mimi nilikuwa na mke hapa Ilomba na matuta kumi na mawili ya kabichi. Makongolosi kabichi unaiona kwenye picha.

Mhandisi akaja kutoka Iringa kukagua kama ofisi yetu inafaa kuwekewa mtambo. Alikuwa mtu mpole mwenye daftari. Aliwazungukia wakubwa mmoja mmoja, akarudi kwangu amekunja uso.

"Ndugu, hawa wote wananiambia kila mtu ana laini yake. Kitabu changu kinasema moja."

"Kihesabu tena, ndugu mhandisi."

"Nimekihesabu."

"Mara mbili?"

Hakucheka. Alisema kesho saa nne kamili wote wanne watainua simu pamoja na kuiuliza Iringa jambo, naye atasimama hapa pembeni yangu atazame. Asiyepata jibu atajulikana, na aliyemdanganya atajulikana zaidi.

Nikampigia dada. Akasikiliza mpaka mwisho. "Makongolosi kuna joto," akasema. "Haya. Wewe washike kwa salamu kama wageni, mimi huku nitapika."

Saa nne taa nne zikawaka. Mhandisi akatoa saa yake mfukoni. Nilimuunganisha meneja na Iringa, halafu nikapokea simu ya mkuu wa mifugo. Huyu asili yake ilikuwa kaskazini, familia yake ikahamia na mifugo yao bonde la Usangu. "Laini yako iko wazi, mzee, mtu wako wa Iringa anaitwa. Ng'ombe hawajambo?" Hilo lilitosha. Mtu yule ukimuuliza ng'ombe alianza kuwataja kwa rangi, mmoja mmoja, na hakuhitaji msikilizaji. Nikamwacha anataja. Mkuu wa stoo alikuwa mzee wa kanisa huko milimani. Nilimwambia mama yangu anakohoa, na kweli alikuwa anakohoa, akasema tuombe. Nikamwacha anaomba. Mkuu wa tumbaku nilimuuliza mvua za Chunya, akapumua kwa uchungu, akaanza na za mwaka juzi.

"Anayemjibu meneja kaenda kabatini," dada akasema. Nikamtoa meneja, nikamwingiza wa tumbaku. Jibu, toa. Nikaingiza wa stoo palepale aliposema amina. Mhandisi alikuwa ameacha kutazama saa, anatazama mikono yangu.

Kosa nililifanya mwishoni. Faili la meneja lilipopatikana, mkubwa wa kanda mwenyewe akashika simu kule Iringa amjibu, na mimi kwa haraka nikamchomeka mkuu wa mifugo badala ya meneja. Mkubwa wa kanda akapokelewa na sauti inayosema, "...na yule mwekundu wa pembe moja, huyo dume hamtaki kabisa."

Kutoka Iringa, taratibu: "Umri gani?"

Walizungumza robo saa, meneja akiamini faili bado linatafutwa, ndipo nikampa zamu yake. Mhandisi aliandika kitu daftarini, akalifunga.

Mchana tukaitwa ofisini kwa meneja, mimi nikasimama mlangoni. Mhandisi alisema waziwazi: laini ni moja, na huyu bwana anaizungusha kati yenu. Nilitazama viatu vyangu nikaanza kuvihesabu. Lakini hakuna aliyeshtuka. Niliinua macho nikaona wakubwa wanne wanatazamana kwa huruma, kila mmoja akiwahurumia watatu wengine. Meneja aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu ambaye siku zote amekuwa akiwaazima wenzake kitu chake bila kusema. Na wa stoo naye aliinamisha vilevile.

"Na huo mtambo mpya?" meneja akauliza.

"Huo hauzungushi, ndugu meneja. Anayewahi kuinua simu ndiye anapata. Wengine wanasikia mlio kwamba imeshikwa."

"Na mimi nitasikia mlio?"

"Ukichelewa, ndiyo."

"Hata aliyeshika akiwa wa stoo?"

"Mtambo haujui cheo."

Meneja aliutafakari waraka. Aliipindua ile picha ya kabati la chuma ikatazama meza. "Hauna adabu," akasema. "Andika ofisi hii haijawa tayari."

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea habari za mashine mpya, sitaki kujua kasi yake wala bei yake. Nauliza inamsubirisha vipi mkubwa. Jirani yangu hukuna shingo.

Jioni ile, mhandisi alipokwisha kuondoka, nilikaa kwenye kiti changu chenye mgongo, nikamimina chai kutoka birika lenye kifuniko, nikaipigia Iringa nimwambie dada kwamba sihami.

"Kamwene, kaka," akanisalimu kwa Kihehe chake. "Umebaki?"

"Nimebaki."

"Vizuri. Laini yako iko wazi. Kabichi hazijambo?"

Nikamwambia hazijambo. Tuta la kwanza limefunga vizuri, la pili lina wadudu kidogo, la tatu mke wangu ameuza nusu nikiwa kazini na sijui kwa bei gani. Nilikuwa nimefika tuta la saba nilipogundua kwamba upande wa pili hakuna mtu.