Kamba Nyeusi Mkononi

Nafundisha baiolojia hapa Visiga, na nilikuwa najisifu kwamba hakuna anayefundisha kiini cha seli kama mimi. Nilikuwa naingia darasani na sanduku la khanga, kila khanga jeni moja. Jeni zote zimo humu, nawaambia wanafunzi, ila iliyokunjwa ikabanwa chini kabisa haifanyi kazi. Inayofanya kazi ni iliyoachwa wazi juu. Hata damu ina jeni ya mtoto aliye tumboni na jeni ya ukubwani. Mtoto akishazaliwa, ile ya kwanza hukunjwa taratibu na ya pili hufunguliwa. Yote hayo nilikuwa nayajua, mie!

Likizo ya uzazi ilipoisha, mama akaja kutoka Kisarawe kunilelea binti yangu. Akamfunga kamba nyeusi mikononi, kinga ya jicho baya. Nilichukia, ila nikaziacha.

Mtoto alipofika miezi saba, tuliamka mikono yake imevimba, ukimgusa tu analia. Nikachukua mkasi nikazikata zile kamba.

"Umemkaza mpaka damu haipiti! Ushirikina wako utaniulia mtoto!"

"Mwanangu, hata miguu imevimba," mama akasema. "Miguuni sikumfunga kitu. Mpeleke hospitali."

"Mwalimu ni mimi, mama."

Akafungasha nguo zake. Mlangoni akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akarudi Kisarawe. Uvimbe ukapungua wiki ileile, nami nikampigia simu kumwambia, unaona? Astaghfirullah, mdomo wangu!

Wiki mbili baadaye homa ikapanda, mtoto akapauka midomo. Hospitali wakapima damu: sikoseli. Daktari akanieleza kwamba ule uvimbe wa mikono na miguu ndio uliokuwa dalili yake ya kwanza, na kwamba miezi ya mwanzo alilindwa na damu ya tumboni. Jeni ya damu hiyo ilipofungwa, ikabaki ile mbovu tuliyomrithisha mimi na baba yake. Ananieleza mimi, niliyekuwa naichora ubaoni kila mwaka! Kesho yake mtoto akafariki.

Tulimzika Kisarawe. Mama ndiye aliyemwosha, kisha akaniita nimuage. Nikaviona vile viganja, vitupu bila kamba, nikaanguka miguuni pa mama.

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe palepale mlangoni," akasema, huku anamfunika. "Lakini mwanangu, kwa nini hukuitazama miguu yake?"