Kilo Saba za Dorka

Dorka Atieno alikuwa na miavuli mitano pale Sirari, na hakujua hata mmoja uko wapi. Mmoja uliaminika kuwa kanisani, mwingine kwa fundi viatu, na wa tatu ulikuwa umevuka mpaka ukahamia Isebania kwa shangazi yake, ambako watu walishauzoea hadi wakaona ni wao. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mpole, mwenye akili ya kutosha watu wawili, ila akili yenyewe ilikuwa kama kuku wa kienyeji: ukiifungulia asubuhi, huwezi kusema itatagia wapi.

Kazi yake ilikuwa kuandaa karatasi za mizigo kwa wakala wa forodha aitwaye Limbu, Msukuma aliyekuja mkoani Mara kutafuta dhahabu akaishia kutafuta mihuri. Lori likifika mpakani, Dorka ndiye aliyejaza limebeba nini, kiasi gani, na linakwenda wapi. Siku nyingi alijaza vizuri. Lakini siku moja, akiwa katikati ya lori la vitunguu, alisikia ng'ombe analia nje, akawaza ng'ombe, akaandika ng'ombe. Ng'ombe hai arobaini. Lori lilikaa siku mbili, maofisa wakilizunguka na kuchungulia chini ya turubai, dereva akiapa kwamba maishani mwake hajawahi kumiliki hata mbuzi.

"Dorka," Limbu alimwambia, "wewe ni kama dada yangu. Ila wakitokea tena ng'ombe kwenye vitunguu, utarudi kwa mama ukalime."

Ndipo alipokwenda Mwanza, kwenye kliniki ya binafsi ya Daktari Hilaria, aliyemuuliza maswali kwa saa nzima na mwisho akamwambia kwamba hali yake ina jina, herufi nne tu: ADHD. Ni ubongo unaodaka kila kitu kwa wakati mmoja na kukiachia kabla hakijafika mezani.

Mama yake, Teresia, alipoelezwa, aliduwaa. "Herufi nne tu ndizo zimenichosha miaka thelathini?"

"Dawa ipo," daktari alikuwa amesema, "lakini dawa hii ni kama kiatu, hainunuliwi kwa kuangalia mguu wa jirani. Wiki mbili utameza kidonge kidogo, wiki mbili cha kati, kisha tutaamua. Kuna jambo moja la kuangalia: inakata hamu ya kula. Kila Jumamosi jipime uzito, unitumie. Ukipungua sana, nakurudisha nyuma." Akampima hapo hapo, akaandika kwenye kadi: kilo sitini na mbili.

Kidonge kidogo kilipita mwilini mwa Dorka kama mgeni aliyekosea nyumba. Hakuna alichobadilisha. Jumamosi zote mbili alisahau kujipima, na hilo lenyewe daktari alilichukua kama jibu.

Kidonge cha kati kilikuwa habari nyingine. Siku ya tatu alimsikiliza Limbu mpaka mwisho wa sentensi, akashangaa kugundua kwamba sentensi za Limbu huwa na mwisho. Alijaza karatasi za malori tisa bila mnyama yeyote kujipenyeza. Alichemsha chai na akainywa yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo. Mwavuli mmoja ulirudi nyumbani. Limbu alimtazama wiki nzima kama mtu anayetazama mvua ya Julai, kisha akasema, "Jumatatu kuna mteja mpya, malori kumi na mawili. Nakupa wewe peke yako. Usiniaibishe."

Ila kwanza ilikuwa lazima Jumamosi ipite, na Jumamosi hiyo Daktari Hilaria alitaka uzito bila kukosa, kwa sababu saa kumi alikuwa anaanza likizo ya wiki mbili. Pale karibu, mizani ya watu wazima ilikuwa moja tu, katika duka la dawa la Msabato, na Msabato siku ya Jumamosi hakufungulii hata ukija umebeba kichwa chako mkononi. Dorka akawaza, akamkumbuka mjomba wake.

Mjomba Olima alikuwa mnunuzi wa mahindi. Ghala lake lilijaa magunia upande mmoja na mifuko ya saruji ya kuuza upande wa pili. Katikati, kwenye boriti, ilining'inia mizani yenye uso wa duara kama saa na ndoana chini yake. Dorka alipofika alikuta foleni ya wakulima, na mbele kabisa Mzee Werema, aliyetoka Busawe kwa lori na magunia sita yaliyokuwa yameshapimwa. Nyuma ya Dorka alikuwepo mama yake na hotpoti ya ugali. Tangu asikie habari ya hamu ya kula, Teresia alikuwa akimfuata binti yake kila mahali na hotpoti ile, mpaka ofisi ya forodha.

"Shikamoo mjomba. Naomba unipime."

"Marahaba. Nikupime nini?"

"Mimi mwenyewe."

Walifunga kamba kwenye gunia tupu, wakamkalisha ndani, wakamtundika. Miguu ilining'inia, viatu vikadondoka kimoja kimoja. Foleni nzima ikasahau mahindi.

"Mama Dorka," Werema akaita, "huyu mbona amechelewa kliniki? Wenzake wote walishamaliza chanjo."

"Na kadi yake iko wapi?" akadakia mwanamke mmoja. "Halafu mnampimaje na nguo? Mvueni!"

"Hamsini na tano!" akatangaza Olima kwa sauti ile ile ya kutangazia magunia.

Dorka akaituma namba akiwa bado anabembea. Kabla hajateremshwa, simu ikaita, na uso wa Daktari Hilaria ukajitokeza kwenye kioo.

"Dorka, umepungua kilo saba! Kwa nini unaning'inia?"

"Napimwa, daktari. Ila sijakonda popote, hata gauni hili linanibana."

"Gauni halina namba. Kilo saba kwa mwezi ni nyingi mno. Kesho unarudi kwenye kidonge kidogo mpaka nitoke likizo."

Dorka akaona malori kumi na mawili yakija Jumatatu, yote yamejaa ng'ombe. "Daktari, nakuomba. Hiki cha kati ndicho kilichonifanya mtu."

"Siwezi kukisia uzito wako. Mwenye mizani yupo hapo? Muulize kama mizani yake ni sahihi."

Wakulima wote wakasogea hatua moja, kama kondoo walioitwa kwenye chumvi. Olima alikohoa. Alikuwa mzee wa kanisa, na magunia sita ya Werema yalikuwa yameegemea mguu wake.

"Mizani hii, daktari," alisema, "haijawahi kukosea."

Teresia akaweka hotpoti chini. "Yawa! Basi mwanangu anakufa! Ugali mkubwa kama kichuguu anaumaliza mbele yangu, halafu kilo saba hazipo. Olima, wewe ndiye mjomba. Leo jioni tunakaa kikao cha ukoo, na ng'ombe wa kwanza wa matibabu atatoka zizini kwako."

"Dada, tusiharakishe. Labda ni... labda ni upepo. Gunia linabembea."

"Upepo ndani ya ghala?" Werema akauliza taratibu.

"Kwani mizani ni sahihi au si sahihi?" Teresia akamsogelea. "Ikiwa sahihi, leta ng'ombe."

Olima akamtazama dada yake, akawatazama wakulima. Ukubali mizani inakosea, foleni ikurukie; ukatae, ng'ombe aondoke. Jasho lilimtoka, na lingepimwa kwa mizani ile, lingesoma kidogo tu.

Wakati huo macho ya Dorka yalikuwa yametoroka, kama kawaida yao. Yaliruka kwenye buibui wa darini, yakapita kwenye kofia ya Werema, yakatua upande wa saruji, yakaanza kusoma maandishi ya mfuko mmoja mmoja. Zamani yangeishia huko, na Dorka angewauliza watu kwa nini saruji ina picha ya mnyama. Safari hii yalirudi na mzigo.

"Mjomba," alisema toka kwenye gunia lake, "saruji huwa unaipima?"

"Saruji? Ya nini? Imeandikwa kilo hamsini."

"Basi nishusheni mimi, mtundike yenyewe."

Olima alifungua mdomo, lakini Werema alikuwa ameshaubeba mfuko. Wakaufunga kamba, wakautundika. Mshale ukapanda, ukayumba, ukatulia. Werema akausoma yeye mwenyewe, pua ikikaribia kugusa kioo.

"Arobaini na nne."

"Nini?" daktari akauliza kwenye simu. "Saruji nayo nimeiandikia dawa?"

Dorka alikuwa ameshapiga hesabu. "Hamsini na tano yangu ni arobaini na nne ya saruji ukiongeza robo yake. Basi na ile hamsini iliyoandikwa mfukoni iongezewe robo yake. Daktari, mimi ni sitini na mbili na nusu."

"Nusu kilo zaidi!" Teresia akapiga kigelegele, akaifungua hotpoti na kuiinua juu ili daktari aone. "Ni hii! Ni hii hapa!"

Daktari Hilaria alicheka hadi simu yake ikaanguka, ikawaonyesha dari ya Mwanza kwa muda. Aliporudi alisema, "Baki na cha kati, Dorka. Nikitoka likizo tunaendelea. Na tafadhali, wiki ijayo usiwe mahindi."

"Mizani imechoka," Olima alikuwa akiwaambia wakulima waliokuwa wamemzunguka. "Ni chuma jamani, si malaika."

"Na ukiuza haichoki?" Werema akauliza, akilishika gunia lake la kwanza. "Tunapima upya. Yote sita. Binti, usiondoke, wewe ndiye mwenye ile robo."

Dorka alikaa hapo akipiga hesabu za watu, mkono mmoja kwenye kalamu na mwingine kwenye ugali wa mama yake, mpaka jua lilipozama na Msabato akafungua duka lake. Jumatatu malori kumi na mawili yalivuka. Yalibeba kile kile kilichoandikwa.

Tangu hapo, Jumamosi kwenye ghala la Olima zina utaratibu wake, na hakuna mkulima anayekubali urukwe: kwanza inapimwa saruji, kisha Dorka, kisha mahindi. Mizani imetengenezwa, na Dorka angeweza kabisa kwenda kwa Msabato siku nyingine ya wiki. Lakini Werema anasema ikipimwa saruji peke yake hasadiki, kwa kuwa saruji haiwezi kubisha.

Mwavuli wake uko huko huko ghalani, umetundikwa kwenye ndoana ya ukutani. Ule uliokuwa umerudi nyumbani.